Matangazo ya vifo siku hizi saa ngapi?

Shangazi yangu anakaa Makorora. Ana redio moja ya betri, antena yake ilishakatika zamani sana, mahali pake kafunga waya wa henga ambao ncha yake imepachikwa kwenye nondo za dirisha, na betri zikianza kuchoka anazianika juani barazani, kwenye ungo, kama mtu anayeanika mchele. Nimeshamnunulia redio za kuchaji mbili, zote kagawa. Hiyo ya waya ndo yake. Na tangu nipate akili, saa moja kasoro asubuhi shangazi haongeleshwi, maana ule ndo ulikuwa muda wa matangazo ya vifo.

Kama hujakulia Tanga labda hutonielewa. Yaani jamaa anasoma polepole, familia ya fulani wa Barabara ya 14 inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, habari ziwafikie fulani wa Muheza, fulani wa Moa, fulani wa Mombasa, maziko leo baada ya alasiri. Kwetu huku maiti haikai. Mtu akifa usiku, mchana kashazikwa, kwahiyo lile tangazo la asubuhi ukilikosa umekosa kila kitu, na ndo maana wazee walikuwa wanasikiliza huku wameshavaa, kanga ya kutokea iko begani.

Mwaka juzi stesheni iliyokuwa inasoma hayo matangazo ikauzwa. Siitaji kwa jina na wala haina haja, wa mjini mnaijua. Wenye nayo wa mwanzo ni watu wa hapahapa na siwalaumu, umeme unadai, mishahara inadai, jenereta linadai, wakaja watu wa kampuni kutoka Dar wenye redio nyingine kadhaa mikoani wakaweka hela mezani, ungefanyaje? Tukaambiwa inaboreshwa. Na kweli sauti ikawa safi, mkwaruzo hakuna, jingo mpya, vile viwimbo vya kujitangaza, kila dakika kumi. Wiki kama ya tatu hivi ndo tukaanza kushangaa, kipindi cha asubuhi kinatoka Dar. Mnara uko kwetu, masafa ni ya kwetu, ila anayeongea yuko ghorofani Dar anatusomea foleni ya Ubungo na Tazara. Tanga! Mji ambao nusu ya watu wako kwenye baiskeli, foleni pekee tunayoijua ni ya uwanja wa Mkwakwani, Coastal Union ikicheza na Simba.

Mi nina duka la spea za baiskeli kule Ngamiani, na haya mambo nayajua kwa upande wa mtangazaji biashara pia, ntafika huko.

Matangazo ya vifo wakayahamishia saa nane mchana. Sababu niliambiwa na binamu yangu, mtoto wa huyohuyo shangazi, ambaye alikuwa mwandishi pale: ule muda wa asubuhi umeuzwa, una mdhamini, na mdhamini hataki bando lake litajwe halafu sekunde hiyohiyo ifuate "inasikitika kutangaza kifo". Inaharibu mudi ya msikilizaji. Ndo neno lililotumika, mudi. Ukiwa umekaa ofisini na kalkuleta unaona lina mantiki kabisa.

Sasa mwezi wa pili tu wa huo utaratibu, shoga yake shangazi akafariki Tongoni. Walisoma wote chuo cha Kurani utotoni, wamechezana ngoma, wameozeshana watoto. Kafa alfajiri. Mwanawe kakimbilia mjini kulipia tangazo mapema, kapewa risiti. Saa nane mchana shangazi yuko barazani anachambua mchicha, redio inasoma, maziko ni leo baada ya sala ya adhuhuri.

Hebu soma tena hapo. Saa nane. Baada ya adhuhuri. Mwenzie alishafukiwa yule, watu walishanawa mikono.

Shangazi hakulia mbele yetu. Alinyanyuka akaizima redio, akaniambia nimtafutie bajaji, tukaenda Tongoni, kufika wanaume washarudi kutoka makaburini na majembe begani. Alichotaka ye ni kumwona mwenzie kabla jeneza halijatoka ndani, basi. Alivokaa mkekani akawa anarudia kitu kimoja tu, "mbona wamesoma sasa hivi." Watu wakamwambia ni mipango ya Mungu, ndo maneno ya msibani, lakini mi nilikuwa najua ni mipango ya nani.

Tukumbushane kidogo. Kabla ya 1993 nchi hii bara ilikuwa na Redio Tanzania tu, ya serikali. Sheria ya utangazaji ya mwaka huo ndo ikafungua mlango kwa watu binafsi, 1994 Radio One ikaanza Dar, baadaye Clouds, baadaye mikoa nayo ikapata zake. Tulifurahi. Tuliogopa mkono wa serikali, na haki tulikuwa nayo ya kuogopa, hatukufikiria kwamba mlango uleule ukishakuwa wazi mwenye hela nyingi naye anapita, na akipita anaweza kuchukua na vile vyumba vya wadogo.

Wenzetu Marekani hili liliwakuta mapema zaidi. Zamani kule kampuni moja ilikuwa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya redio 40 nchi nzima. Februari 1996 Rais Clinton akasaini sheria mpya ya mawasiliano, kikomo cha kitaifa kikafutwa, na kampuni moja ya Texas iitwayo Clear Channel, ambayo saivi inaitwa iHeartMedia, ikanunua mpaka ikapita redio 1,200. Mtangazaji mmoja anarekodi sauti yake mji huu, inarushwa miji mingine kumi kama vile yuko hapo dirishani anaangalia mvua.

Sasa kuna mji mdogo unaitwa Minot, uko North Dakota. Usiku wa tarehe 18 Januari 2002 treni ya mizigo ikaanguka nje ya mji, matangi yakapasuka, ikamwagika amonia, ile kemikali ya kutengenezea mbolea, ukiivuta inaunguza mpaka mapafu. Mji ulikuwa na redio sita za biashara, ukiacha za dini, na zote sita mwenyewe ni Clear Channel. Polisi wanapiga simu redioni wawaambie watu wafunge madirisha wasitoke nje, simu haipokelewi. Muziki unaendelea. Mtu mmoja alikufa, mamia wakaumia. Kampuni ilijitetea kwamba polisi wenyewe hawakujua kutumia ile mitambo ya tahadhari inayokatiza matangazo, na huenda kuna ukweli hapo, mi sikuwepo. Ila nikisoma hiyo habari najiuliza kitu kimoja, sisi tuna bandari, tuna reli, na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani hapo. Usiku wa manane likitokea la kutokea, pale redioni yuko nani? Yuko mlinzi. Mlinzi nampenda sana, tunakunywa wote kahawa, ila hana funguo za studio.

Turudi kwa binamu yangu. Alikuwa analipwa kwa habari, isiporuka hakuna hela. Kaenda mitaani akatengeneza habari ya mashine za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza sarafu. Kakuta watoto wa shule ya msingi wamepanga foleni na yunifomu, mmoja hela ya madaftari imekwenda yote, mama yake kahojiwa, kila kitu kimekaa sawa. Akapeleka. Mhariri kasikiliza mpaka mwisho, kamsifia, kamwambia nzuri sana hii dada, ila tuitafutie balansi kwanza. Wiki ikapita. Kaleta balansi, kaongea mpaka na mwenye mashine. Kaambiwa tuipumzishe kidogo. Mwezi ukapita. Kumbe kipindi cha michezo cha jioni kinadhaminiwa na kampuni ya kubeti, tena si hata wenye hizo mashine, ni kampuni nyingine kabisa! Hakuna mtu aliyepiga simu kutoka kampuni hiyo. Hakuna aliyesema usiirushe. Walikuwa wanaogopa kitu ambacho hakijatokea, kwa niaba ya mtu ambaye hajaomba. Ile habari mpaka leo iko kwenye flashi yake.

Mimi binafsi hapo ndo naona ugonjwa ulipo kuliko hata kwenye kununuliwa. Na wasiseme ni mabepari peke yao, serikali nayo ni mteja mkubwa wa matangazo, halmashauri, mashirika, taasisi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa mkurugenzi wa MAELEZO, idara ya habari ya serikali, kazi ya kuratibu matangazo yote ya serikali, yaani bomba moja mkono mmoja, mpaka marekebisho ya 2023 ndo yakakiondoa hicho kipengele. Redio ndogo inayosubiri kulipwa na ofisi fulani haiwezi kuiuliza hiyo ofisi barabara ya vumbi itaisha lini. Itauliza kwa upole sana, kama mtu anayedai deni kwa mkwewe.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimewasema wengine sana.

Zamani nilikuwa natangaza kwenye ileile redio, enzi za wenyewe. Bei ilikuwa elfu kumi kwa wiki na mara nyingi sikuitoa, mtangazaji alikuwa analeta baiskeli yake natengeneza, nampa tyubu, ye kesho yake asubuhi anasema "mgosi, pancha isikutie stress, pita Ngamiani." Siku moja wakafungua simu, watu walalamikie tyubu feki zilizojaa mjini. Mtu wa tatu kupiga akaanza kuelezea duka, hakulitaja ila kila mtu kaelewa, rangi ya mlango, mwembe wa mbele. Nikapiga simu. Sio ya hewani, ya pembeni. Nikamwambia kaka, na mimi si natangaza kwako, mbona unanimaliza? Mada ikabadilishwa baada ya wimbo, wakaanza kuongelea Coastal.

Zile tyubu zilikuwa feki kweli. Nilizinunua Dar kwa mafungu, sikujua, halafu nikajua.

Kwahiyo najua jinsi ilivyo rahisi, elfu kumi ambayo hata sikulipa. Tofauti ni kwamba yule jamaa jioni alikuja dukani na baiskeli yake, akakaa kwenye benchi, akaniangalia tu, nikazitoa zile tyubu rafuni mbele yake. Leo nikitaka kutangaza naambiwa niongee na idara ya masoko Dar, kuna pakeji ya mikoa mitano, ya milioni na kitu. Mi niuze spea Songea nina nini huko?

Mtaani saivi vifo vinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Shangazi ana simu ya kitochi. Kuna kijana wa jirani, kila asubuhi akipita kwenda gengeni anasimamisha baiskeli barazani anamsomea yaliyomo kwenye grupu, kama hakuna msiba anasema "leo salama bibi," anaondoka. Redio anaiwasha bado, saa moja kasoro ileile, waya dirishani, betri kwenye ungo. Juzi nimempitia nikamkuta kainamisha sikio kabisa, anasikiliza kwa makini, akaniuliza,

"Hivi hapo Ubungo pana nini, mwanangu, mbona kila siku hawapiti?"