Nyuzi saba na daftari la ajali

Ateliye yetu iko Kampemba, hapa Lubumbashi. Tunachomelea mabomba na matangi ya migodi, na mwaka ule tulikuwa watu 31. Mimi ni karani wa mishahara. Kazi ya kuandika ajali iliniangukia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka: mteja mmoja mkubwa alitia kwenye mkataba kwamba ajali zihesabiwe kwa kanuni za OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, na hesabu apelekewe kila mwezi.

Nilichokuta ni kaye moja, daftari dogo la muuguzi: "kidole", "jicho", "mguu", na tarehe. Basi.

Jumanne moja, mzee mmoja wa uchomeleaji alipita mbele ya meza yangu mkono ukiwa mfukoni. Suruali ilikuwa imelowa damu. Bati lilikuwa limempasua kiganja, naye amekifunga kwa kitambaa cha kufutia oili.

"Mama, usiandike. Wenzangu watakosa primu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kaye ilikuwa nyembamba. Kila miezi 3 bila ajali, wote walipewa primu, yaani pesa ya ziada juu ya mshahara. Nani atakubali kuwa yeye ndiye aliyeila pesa ya wenzake?

Kliniki walimshona nyuzi saba na kumpa siku 5 za kupumzika. Patroni, bosi wetu, akaniambia huo ni msaada wa kwanza tu. Nikamfungulia kanuni. Hazitazami damu imemwagika kiasi gani. Zinatazama umetibiwa vipi. Plasta ya kubana kidonda, sindano ya pepopunda, kutoa chembe ya chuma jichoni kwa maji au pamba: huo ni msaada wa kwanza, hauandikwi kama mtu hakukosa kazi wala hakubadilishiwa kazi. Uzi ukipita kwenye ngozi, ni matibabu. Unaandika ndani ya siku 7.

Akahamia kwenye siku. Kwake zilikuwa 4, maana Jumapili hatufanyi kazi. Lakini siku huhesabiwa kwa kalenda, kuanzia kesho yake ya ajali, Jumapili ikiwemo, na hesabu inaweza kusimamishwa zikifika 180. Basi aje akae ofisini, apange karatasi? akauliza. Hiyo nayo ina safu yake: kazi iliyopunguzwa. Ajali inabaki pale pale.

Kilichomlainisha ni sentensi moja ya kanuni hizo hizo: kuandika ajali si kukubali kwamba mwajiri au mfanyakazi ana kosa. Aliisoma mara mbili.

Nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine. Daftari la Wamarekani linahesabu tu, halimlipi mtu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo nilitayarisha pia karatasi za CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na za Ukaguzi wa Kazi, kwa sheria ya kwetu. Ukijaza moja ukadhani umemaliza zote, anayeumia mara ya pili ni yule yule mwenye kiganja.

Hesabu ya mwisho wa mwaka ilitutia aibu kidogo. Unazidisha ajali kwa 200,000, yaani saa za watu 100 kwa mwaka, halafu unagawanya kwa saa mlizofanya. Sisi tulifanya saa 62,000 na kuandika ajali 2: ikatoka ajali 6.5 kwa kila watu 100. Mwaka wa nyuma tulikuwa tumepeleka sifuri. Ateliye ndogo haina pa kujificha. Ajali moja peke yake ni 3.2. Bwana wa usalama upande wa mteja alinipigia simu, nami nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Akauliza tu tulibadilisha nini.

Tulibadilisha primu. Ilimchukua patroni miezi 2 kukubali, lakini sasa inalipwa kwa anayeleta habari ya hatari kabla haijamuumiza mtu. Kaye imenenepa: ngazi iliyolegea, miwani iliyokwaruzwa, waya uliochubuka.

Tarehe 1 Februari nilibandika ukutani ule muhtasari wa mwaka, ambao unatakiwa ukae hadi tarehe 30 Aprili. Muhtasari hauna majina. Mzee wangu alisimama mbele yake muda mrefu, akiufuata kwa kidole cha ule mkono wenye kovu.

"Mama, mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha ile 2. "Nusu yake ni wewe, papa."

"Na nusu nyingine?"

Nikamwambia hiyo siisemi.