Baiskeli ya mtoto ipo, sa aendeshee wapi?

Kununua baiskeli ya mtoto ndo kazi rahisi aisee. Kazi yenyewe inaanza pale dogo kashashika usukani, afu wewe mzazi unaangalia kushoto kulia unajiuliza huyu namwachia wapi. Barabarani haiwezekani, sebuleni haiwezekani, na ile nafasi kati ya ukuta na gari ndo kila mtu anakwambia "si ajifunzie hapo hapo tu".

Hapo hapo hapafai. Baiskeli ikienda taratibu sana inayumba, inataka mwendo kidogo ndo itulie, sasa mtoto mwenye mita 4 au 5 tu mbele yake kabla ya kukutana na ukuta anakuwa hajapata mwendo bado na tayari anatakiwa akate kona, na kona ni somo la mbele kabisa. Anaanguka, mnasema mwoga. Sio mwoga, uwanja mdogo. Mi nikitafuta sehemu nataka walau mita 20 za kunyooka, na upana wa maana, kwa sababu anayejifunza haendi mstari mmoja, anaenda huku na huku na akiona kitu pembeni akakikodolea macho basi baiskeli nayo inaelekea huko huko. Hiyo kila aliyewahi kufundisha mtoto anaijua, ukimwambia "angalia ile nguzo usiigonge" umeshamtuma akaigonge.

Watu wakisema sehemu salama wanamaanisha hakuna magari. Sawa, lakini mi swali langu la kwanza ni lingine: huyu mtoto akishindwa kusimama, baiskeli itaishia wapi? Tembea mwenyewe mpaka mwisho wa uwanja uone. Kama inaishia kwenye majani au mchanga, safi, itapunguza mwendo yenyewe. Kama kuna mtaro, ngazi, bwawa, au geti ambalo liko wazi na nje yake barabara, hata uwanja uwe mzuri vipi mi siutaki, au nasimama mimi upande huo huo na sibanduki, simu mfukoni.

Na mteremko usiuamini kwa macho. Sehemu nyingi zinazoonekana sawa haziko sawa, zimeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatoke. Chukua mpira uweke chini uuachie, unakokwenda mpira ndo baiskeli itakakokwenda. Mteremko mdogo wenyewe sio mbaya, tena unasaidia, mtoto anapata mwendo bila kuhangaika, ila uwe unaishia sehemu bapa kabla ya kitu chochote kigumu.

Sasa majani. Wazazi tunapenda majani kwa sababu ukianguka hapaumi sana, na ni kweli, lakini tairi kwenye majani ni zito, dogo anakanyaga pedeli mara mbili tatu baiskeli inagoma, ikigoma inalala. Afu anaamini kwamba baiskeli ni ngumu kumbe ngumu ni majani. Majani mafupi yaliyokauka yenye kamteremko kidogo yanafaa zile siku za mwanzo kabisa, za kusukuma kwa miguu na kuteleza, akishaanza kukanyaga mpeleke kwenye lami au zege. Kokoto na changarawe hapana kabisa, vile vitairi vidogo vinazama na ukishika breki ghafla baiskeli inateleza, na magoti ndo yanayolipa.

Kama umeweka vitairi vya pembeni angalia na hilo, kwenye ardhi yenye mashimo vinagusa chini pande zote mbili huku tairi la nyuma linaning'inia, mtoto anakanyaga linazunguka bure. Na havimfundishi kubalansi, baiskeli hailali upande wowote sasa atajuaje kuinyanyua? Mi ni wa chama cha kutoa pedeli, unashusha siti mpaka nyayo zote mbili zikae chini, anajisukuma kwa miguu. Hata baiskeli ya kwanza ya Karl Drais kule Ujerumani mwaka 1817 haikuwa na pedeli, watu wazima walijisukuma hivo hivo. Ila ukitoa, kumbuka pedeli ya kushoto nati zake ni kinyume, inafunguka kwa kuzungusha mwelekeo ambao kwa kawaida ungekuwa unakaza. Ukiilazimisha unaharibu.

Turudi kwenye sehemu. Ninayoipenda kuliko zote ni uwanja wa basketi au netiboli ambao hauna mtu anayecheza muda huo. Pako bapa, pagumu, mara nyingi kuna uzio, gari haliingii, na ile mistari iliyochorwa chini ni mwalimu wa bure, unamwambia fuata mstari mweupe mpaka mwisho. Cha kuangalia ni nguzo za goli, na siku ya mvua usiende kwa sababu rangi ikilowa inateleza vibaya. Na uombe ruhusa jamani, wengine hawataki matairi kwenye uwanja wao na wana haki. Mi naona ukienda na mtoto mwenyewe, ukasalimia vizuri, ukasema mtakaa kidogo tu, wengi wanakubali. Ukiingia kimya kimya siku ya pili unakuta kufuli.

Viwanja vya shule siku za likizo, pakingi za ofisi wikiendi, maeneo ya nyumba za ibada siku ambazo hakuna ibada, hizo nazo ni hazina. Lakini pakingi ina ugonjwa wake ambao watu hawaufikirii, magari mule hayakimbii, yanarudi rivasi. Dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto mfupi aliye nyuma ya gari lake, na kama kapaki katikati ya magari mawili makubwa hamwoni hata anayetokea pembeni, na mtoto naye hajui kwamba ile taa nyeupe ya nyuma ikiwaka maana yake gari linakuja. Kwa hiyo mi pakingi iliyojaa nusu siihesabu kama ipo wazi, nataka tupu, au upande mzima usio na gari hata moja, na mtu mzima akae upande magari yanapoingilia. Zile barabara za ndani zisizotokea ni hadithi hiyo hiyo, watu wanazisifia kwamba hakuna gari la kupita, kweli la kupita hakuna, ila kila linaloingia lazima ligeuze, na kugeuza ni rivasi.

Njia za waenda kwa miguu ni suala la sheria, inategemea uko wapi. Ujerumani kwa mfano mtoto chini ya miaka 8 ni lazima aendeshe kwenye njia ya waenda kwa miguu, sehemu nyingine ni marufuku kabisa, ulizia kwanza. Hatari yake ni mageti, kila geti ni gari linaloweza kutoka, na anayejifunza macho yake yako kwenye tairi la mbele, hana habari. Bustani za kupumzikia zina njia nzuri lakini zina watu, wazee, mbwa, wakimbiaji wenye spika masikioni. Dogo hawezi kupiga kengele, kukwepa na kubalansi kwa pamoja, kwa hiyo bustani iwe baadae, au asubuhi sana kabla watu hawajajaa. Na jioni jua likishuka, popote pale palipo na gari jirani, ondokeni. Dereva anayeelekea jua haoni kitu.

Kuna miji imeamua kulimaliza hili kiserikali na kwa kweli nawaonea wivu. Bogotá kule Kolombia walianza mwaka 1974 kufunga barabara kwa magari, sasa kila Jumapili na sikukuu zaidi ya kilomita 120 zinakuwa za watu na baiskeli mpaka saa 8 mchana. Kigali nao tangu 2016 wana siku zao za barabara bila magari. Uholanzi na Denmark wana viwanja vya watoto vilivyojengwa kama mji mdogo, barabara ndogo, alama za barabarani, makutano, watoto wanazunguka humo wanajifunza nani apite kwanza. Mi nasema kama mji wako hauna, chaki ipo. Chora barabara kwenye ule uwanja mtupu, weka njia panda, weka mstari wa kusimama, chupa za plastiki ziwe nguzo. Watoto wanaupenda huo mchezo kuliko kuzungushwa zungushwa tu, na wanajifunza bila kujua.

Ule mstari wa kusimama ndo mtihani wangu. Binti yangu simhamishi sehemu mpaka nikisema "simama" tairi la mbele liishie kabla ya mstari, sio mara moja kwa bahati, kila nikisema. Kama hawezi, angalia kwanza breki kabla hujamlaumu, watoto wengi vidole havifiki kwenye breki ya mkono au havina nguvu ya kuivuta, nyingi zina kaskrubu ka kuisogeza karibu na usukani. Zile breki za kurudisha pedeli nyuma ni rahisi kwa mguu mdogo ila akianza kusukuma na miguu bila pedeli hana breki kabisa, sehemu bapa tu. Helmeti ikae bapa juu ya paji la uso, isirudi kisogoni, viatu vya kufunga, na kamba za viatu mbali na cheni.

Jambo la mwisho, mkipata sehemu nzuri mtashtukia watoto wengine nao wameletwa, habari huwa inasambaa. Hapo hatari sio gari tena, ni wao kwa wao. Kubalianeni wazazi mapema: wote wazunguke upande mmoja, wasiojua kabisa wakae upande wao na mstari uchorwe katikati, na mtu akitaka kusimama kunywa maji atoke nje ya mzunguko kwanza. Wale wakubwa wanaojiona mabingwa wapeni zamu ya kusimama getini.