Mbegu za ubuyu zilizogoma kuota

Niliatika mbegu za mibuyu miwili ya hapa Pemba, mmoja wa Micheweni kwenye mawe, mwingine wa Wete. Maji yale yale, viriba vile vile vya kuoteshea miche. Za Wete zikachomoza. Za Micheweni kimya mwezi mzima, nikadhani zimekufa.

Nilifukua moja, nikaikata: ndani nyeupe, nzima kabisa. Kumbe ganda ndilo lililozuia maji. Ugumu huo hutofautiana mti kwa mti, hata kwa miti ya aina moja.

Nikazisugua kwa msasa upande mmoja, mbali na kitovu (pale mbegu iliposhikana na tunda), mpaka weupe ukaonekana, nikaziloweka usiku kucha. Asubuhi zilizovimba nikazipanda. Zilizobaki ngumu nikazisugua tena. Sasa mbegu za kila mti naziwekea mfuko wake.