Taruma moja, jasho la watu wanne

Jamani, mgongo! Jumamosi nilikwenda kujitolea kwenye reli ya Talyllyn, kule Tywyn, Wales. Ni kareli kembamba, upana milimita 686 tu, wakati reli yetu ya zamani ya Mombasa ni mita 1. Ilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Mwaka 1951 wapenzi wa treni wakaichukua na kuiendesha wenyewe, ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea.

Mimi nilipangiwa mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli kuibeba. Mnachimbua kokoto kwa sururu, mnalegeza vishikizo, mnainua reli kidogo kwa jeki, mnachomoa taruma bovu kwa ubavuni (langu lilimeguka kama keki), mnaingiza jipya. Kazi yenyewe sasa ni kushindilia kokoto chini yake. Ukifanya ovyo, reli inabonyea kila treni ikipita. Mzee mmoja mstaafu alikuwa akipita nyuma yetu anayapiga teke, moja moja. Likicheza, rudia.

Baada ya chai nikaonyeshwa Dolgoch, injini ya mvuke ya 1866. Walipoanza 1951, hiyo peke yake ndiyo ilikuwa inatembea! Vipande vyake vingi vimeshabadilishwa, lakini wenyewe wanasema ni ileile, nani abishane nao.

Na sisi tunayo Mount Gelai, injini ya mvuke, jitu lililotengenezwa Manchester miaka ya 1950, pale makumbusho ya reli Nairobi. Wenye brashi za waya za kuisugua na nafasi Jumamosi, semeni.