391 ya siste, 287 yangu

KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mimi ni mmoja wa watu walifurahi kuiona ikienda. Wengi wanasema ilikuwa inambeba mtoto wa maskini hadi shule kubwa, na ni ukweli, ilimbeba siste wangu. Lakini sijasikia mtu akiongelea venye ilikuwa inaingia katikati ya watoto wa nyumba moja.

Sisi tumezaliwa watatu, mtaa wa Umoja, Nairobi. Siste ndio kifungua mimba, nikafuata mimi, halafu baada ya miaka mingi sana akakuja kitinda mimba. Mimi na siste tulikuwa tunalala kitanda moja, nilivaa sweta zake za shule zikiwa zimeisha viwiko, na jioni mama akiwa bado kwa kibanda yeye ndio alikuwa anapika, ananipimia mboga na kijiko, yake anaweka ya mwisho. Alikuwa mtoto pia!

Alifanya 2011. Siku hizo matokeo yalikuwa yanatoka mwisho wa Desemba, Krismasi imeisha na sisi bado tuko ushago, na netiwaki ilikuwa inashika tu nyuma ya choo, basi maanko wote wakajipanga hapo na kabambe moja, mmoja anatuma namba ya mtihani kwa SMS, mwingine ameinua simu juu mkono unatetemeka, nyanya anauliza kutoka jikoni "ni mia ngapi?", na hatimaye ikaingia, 391 kwa 500. Nduru zilipigwa hadi ng'ombe wa jirani akakata kamba. Kuku ikachinjwa na firigisi akapewa siste, kitu haikuwa imewahi fanyika kwa hiyo boma.

Mimi nilifanya 2014 nikapata 287. Mwaka huo serikali ilikuwa imetangaza hakuna tena kupanga shule na wanafunzi namba wani namba tuu, lakini kwetu hiyo orodha ilibaki palepale. Hakuna mtu alinigombeza. Waliniambia "si mbaya" wakarudi kwa chai, na hiyo si mbaya yao nilikaa nayo miaka.

Siste alikuwa bodingi, shule kubwa ya wasichana nje ya Nairobi, mimi nikaingia dei hapa Eastlands. Akifunga shule anakuja anaongea Kizungu, mama anamwekea nyama mbili, na mimi na yeye tunaongea tu mambo ya chumvi na rimoti.

Akiwa Fomu Foo akarudishwa nyumbani karo. Boksi lake likakaa miguuni pa kitanda wiki baada ya wiki. Usiku mmoja nimekwama na aljebra, akanitoa biro mkononi bila kuuliza, akaandika eksi huku, namba kule, "hamisha, badilisha alama, si unaona?" Nikaona. Na mimi nikamfundisha sheng mpya, juu ya mtaa ilikuwa imebadilika yeye akiwa huko, na akawa anaitamka vibaya tunacheka mpaka mama anagonga ukuta.

Mwaka jana tukikata sukuma ndio aliniambia kwamba Fomu Wani alikuwa analia usiku. Ati akilala alikuwa anatuona sisi huku nyumbani tuko pamoja, na yeye 391 imemfanya atolewe. "Nilidhani mmenizoea nikiwa sipo." Manze, nilishindwa kuendelea na ile sukuma. Miaka hiyo yote mimi nilijua yeye ndio alipewa kila kitu.

Sasa kitinda mimba yuko gredi ya nane. Hesabu inamsumbua, lakini mpe redio imekufa atairudisha ikiongea. Krismasi iliyopita anko mmoja akaanza kumuuliza ati kwa darasa anakuwanga namba ngapi, na kabla mtoto afungue mdomo siste akajibu, "Anko, huyu hatumpimi na mtu." Anko akaomba chai.