Gari Lisilo na Vioo

Tafakari ya wiki: Matendo 8:26–40

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka 1973 mwandishi wa habari wa Uingereza, Ted Simon, aliondoka London kwa pikipiki aina ya Triumph, na hata kuendesha alikuwa amejifunza kwa ajili ya safari hiyo. Alipita Afrika Kaskazini, akashuka Sudan na Ethiopia, akaingia Kenya na Tanzania, akafika hadi Afrika Kusini. Kisha akavuka bahari kwenda mabara mengine. Alirudi nyumbani 1977. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka 1979, na wako watu waliokisoma wakakifunga wakaenda kutafuta pikipiki. Mwigizaji Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman, waliozunguka dunia kwa pikipiki mwaka 2004, ni miongoni mwa waliowashwa moto nacho. Simon mwenyewe alikwenda kuungana nao kidogo kule Mongolia.

Sisi huku pikipiki hatukuijua kwa kusoma. Kwetu ni bodaboda: karo ya mtoto, na hesabu ya bosi inayosubiri jioni. Kijana aliyeshinda juani akibeba abiria na magunia ya mkaa, ukimwambia kuna mzungu aliacha kazi ili ateseke hivyo kwa hiari, atacheka. Ana haki ya kucheka.

Lakini kilichowavuta wale wasomaji si chombo. Triumph ile ilimsumbua mwenyewe vya kutosha. Kilichowavuta ni watu aliokutana nao kila aliposimama. Mwenye gari hufunga kioo akapita. Wa pikipiki hana kioo: vumbi lako ni lake, mvua yako ni yake, na akizima injini tu, mtoto wa njiani ameshamsogelea kumuuliza anatoka wapi.

Sasa mtazame towashi wa Kushi. Ni mkubwa, mtunza hazina yote ya Kandake, malkia wa Kushi, anatoka Yerusalemu kuabudu, yuko kwenye barabara ya Gaza iliyo jangwa. Ameketi garini mwake anasoma Isaya. Filipo, mhubiri wa Injili, anakimbia kando, na Luka anasema “akamsikia anasoma”. Nimeusoma mstari huo miaka mingi bila kuuona. Alimsikia! Yaani alisoma kwa sauti, kama walivyozoea watu wa zamani, na gari lenyewe lilikuwa wazi. Lingekuwa na vioo na kiyoyozi, Filipo angekimbia mpaka achoke, akabaki na vumbi lake.

Tena angalia adabu ya yule mkubwa. Mtu wa miguu, jasho linamtoka, anamuuliza, “Je! Yanakuelea haya unayosoma?” Wengi wetu tungeona tumedharauliwa. Yeye anajibu, “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Kisha anamsihi apande aketi naye. Chuo, yaani kitabu cha Isaya, alikuwa nacho mkononi, tena sehemu ile ya Kondoo anayepelekwa kuchinjwa, lakini aliyemfungulia maana yake alitoka pembeni mwa barabara.

Na hakujua atapanda nani. Waebrania 13:2 yasema, “Msisahau kuwafadhili wageni, maana kwa njia hii wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua.” Ndugu zetu wa bodaboda huupata mstari huu kwa mtihani mgumu kuliko wetu, maana wao humbeba asiyejulikana mgongoni, usiku, na si kila abiria ni malaika.

Mwaka 2001 Simon, akikaribia miaka 70, alianza kuirudia ile safari. Alivunjika mguu hapo Kenya, akatibiwa, akapona, akaendelea. Sisemi tumuige, kofia ngumu vaeni, na abiria wenu wavae.

Jumapili hii, kabla ya ibada, tutawaombea waendeshaji wa kijiwe cha karibu na kanisa. Anayeweza aende kuwaalika mwenyewe, kwa miguu.