Bao lilivyonisaidia na mpwa wangu

Mpwa wangu ana miaka 14, ana Down syndrome, twakaa huku Langoni, Lamu. Kilichokuwa kinanitatiza ni mkono wake wa kulia, ulikuwa haujui njia ya kwenda kushoto. Mpe fagio, atafagia upande wa kulia mpaka usawa wa kifua alafu fagio linahamia mkono wa kushoto ndo amalizie, au ageuke mwili mzima kama mlango. Sisi tulikuwa twasema uvivu, Mungu atusamehe.

Mtu wa therapi akatueleza kuna mstari wa kati wa mwili, ule wa kufikirika unaogawa kulia na kushoto, watoto wengi wanaanza kuuvuka kwa mkono wakiwa na miaka 3 au 4 hivi, lakini wengi wenye ulemavu wa akili wanachelewa, manake ubongo wa kushoto ndo unaoendesha mkono wa kulia na wa kulia unaendesha wa kushoto, sasa hizo pande mbili lazima zipashane habari, na kwa hawa wa Down syndrome misuli nayo ni legevu kwa hivyo kunyoosha mkono mbali bila kuyumba ni kazi. Akatupa zoezi la kuchora 8 iliyolala. Kijana alichora siku mbili akatupa kalamu.

Mimi nikajifanya mjuaji nikamfunga mkono wa kushoto kwa leso. Alilia mpaka dadangu akanifokea, na alikuwa na haki.

Kilichofaa ni bao, mchezo ule wa ubao wenye mashimo. Alikuwa apenda mlio wa komwe, zile mbegu ndo kete zake, zikidondoka, bas nikamkalisha barazani, miguu kakunja, mgongo ukutani ili asigeuke mwili. Sheria sikumfunza, kusambaza kete tu kwenye safu zake mbili, kila moja mashimo 8. Mwanzo akifika karibu na nyumba, lile shimo kuu la katikati, abadilisha mkono, yale yale. Ndo nikafikiria, komwe zote nikamshikisha mkono wa kushoto, akauweka pajani, wa kulia ukawa unafuata moja moja kule na kuzipeleka shimoni. Wazee wakanicheka, eti hilo bao gani la mikono miwili! Nikawaacha wacheke. Na bao lenyewe nilianza nalo katikati kabisa, kila siku chache nalisogeza kidogo kushoto, kidogo tu, ukizidisha anageuka.

Ilichukua kama miezi miwili, kila siku baada ya alasiri, dakika kumi na kitu, si zaidi. Saa hizi anafika shimo la mwisho la kushoto kwa mkono wa kulia, na kete ya mwisho ikiingia shimo tupu, ndo zamu imekwisha, apiga kelele, "Mjomba, nimelala!" Akichoka mikono inaanza kubadilishana tena, hapo twafunga bao twenda zetu. Kufagia kumekuwa afadhali sana. Kamba za viatu bado, hizo avaa kandambili tu.